Robert Koch, Mkulima wa Vijidudu

Tarehe 27 Februari 1905 alikufa katika Kasongo daktari kijana wa Kiingereza, jina lake Joseph Everett Dutton. Alikuwa na umri wa miaka 30. Chuo cha Tiba cha Liverpool kilikuwa kimemtuma Kongo mwaka 1903 pamoja na mwenziwe John Lancelot Todd, mtu wa Kanada, ili wachunguze ugonjwa wa malale. Wakiwa safarini walikutana na ugonjwa mwingine, homa ile inayomshika mtu siku chache, ikamwacha apate nafuu, kisha ikamrudia tena na tena mpaka nguvu zake zikaisha. Homa hiyo huletwa na papasi, mdudu ajifichaye katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta, na usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala. Wengi katika Kongo humwita kimputu. Madaktari wote wawili walishikwa na homa hiyo. Todd akapona, Dutton akazikwa.

Mwaka uo huo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mzee mmoja wa Kijerumani mwenye ndevu na miwani alikuwa akipita katika njia za misafara, akiingia katika vibanda walimolala wapagazi, akifukua vumbi la sakafu na kuokota papasi walewale. Si ajabu kwamba kazi ya hao wawili ilifanana. Njia ya kale ya misafara ilitoka pwani ikafika Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare, ikaenda hadi Kasongo na Nyangwe, na katika kambi nyingi za njia hiyo papasi walikuwa wenyeji. Dutton na mzee huyo waliuliza swali moja, kila mtu upande wake.

Mzee huyo ndiye Robert Koch. Ndiye aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, na watu humkumbuka kwa hilo. Lakini kabla ya hapo alifanya kazi nyingine ambayo bila hiyo asingaliweza kugundua kitu. Alijifunza kuotesha kijidudu cha namna moja peke yake, kama mkulima anavyootesha mbegu, na kuvizuia vijidudu vingine vyote visiingie katika kitalu chake.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika Clausthal, mji mdogo wa wachimba madini katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa na cheo katika kazi ya machimbo. Watoto waliozaliwa katika nyumba hiyo walikuwa 13, basi hapakuwa na mali ya kutapanya. Robert alipenda kukusanya mawe, majani na wadudu, na moyoni alitamani kusafiri mpaka nchi za mbali. Akasoma uganga katika chuo cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866, na mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz. Wakapata mtoto mmoja wa kike, Gertrud. Tamaa ya safari ikawekwa kando. Mwaka 1872 Koch akawa daktari wa serikali katika Wollstein, mji mdogo wa mashamba ambao leo umo katika nchi ya Poland.

Huko aliwatibu watu mchana kutwa, na jioni alikaa na kioo cha kukuzia, yaani mikroskopu. Husimuliwa kwamba mkewe ndiye aliyempa zawadi hiyo. Sehemu ya chumba cha kupokelea wagonjwa aliitenga kwa pazia, na nyuma ya pazia hilo kazi yake kubwa ilianza. Hakuwa na mwalimu wala mwenzi wa kuzungumza naye habari hizo.

Siku zile ugonjwa wa kimeta uliwaua kondoo na ng'ombe wengi katika nchi hiyo, na watu pia walioshika ngozi na nyama zao. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo sana katika damu ya wanyama waliokufa. Wengine walisema kwamba vijiti hivyo ndivyo viuavyo. Wengine wakakataa, wakasema kwamba damu ya mzoga ina mambo mengi ndani yake, na hakuna ajuaye ni lipi lililoua. Neno la hao wa pili halikuwa la upumbavu. Wakiingia watu kumi katika nyumba usiku, na asubuhi mwenye nyumba akaonekana amekufa, je, mtamfunga yupi? Lazima kwanza mmoja atengwe peke yake, naye ajulikane alitenda nini.

Koch akatafuta njia ya kukitenga kijiti hicho. Alichukua tone la maji safi yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe, akatia ndani yake chembe ndogo ya bandama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akalifunika tone hilo kwa vioo na kuziba kandokando, ili kitu cha hewani kisiingie. Akaliweka mahali pa joto, akalitazama saa kwa saa. Vijiti vikakua, vikawa nyuzi ndefu zilizosokotana. Kisha ndani ya nyuzi zikatokea punje ndogo zing'aazo, kama shanga katika uzi. Hizo punje ni mbegu ngumu za kimeta. Hukaa katika udongo miaka mingi bila kufa, na ndiyo sababu malisho mengine yaliua mifugo mwaka baada ya mwaka.

Kutoka tone la kwanza alichukua kidogo sana akatia katika tone la pili, na kutoka la pili katika la tatu, akaendelea hivyo mpaka ile damu ya mwanzo ikawa si kitu tena, vikabaki vijiti peke yake. Hata hivyo vijiti hivyo viliua panya vilevile kama damu ya mzoga. Tone lililoingiliwa na vijidudu vigeni halikufaa kutoa ushahidi. Hata vibanzi vya mbao alivyotumia kuwachomea panya ugonjwa alivitia kwanza katika joto kali, visije vikaleta vijidudu vyao wenyewe. Mwaka 1876 aliviweka vyombo vyake katika masanduku, akaenda Breslau kwa mwalimu mkuu Ferdinand Cohn, akaonyesha kazi yake yote muda wa siku tatu. Wakubwa wa chuo wakashangaa kwamba daktari wa mashambani amewapita.

Mwaka 1880 serikali ikamwita Berlin, ikampa chumba cha kazi na wasaidizi. Hapo akakutana na taabu iliyowasumbua wote waliootesha vijidudu siku zile. Waliviotesha katika mchuzi wa nyama, na ndani ya mchuzi vijidudu huchanganyika. Ukitia namna mbili, kesho huwezi kuzitenganisha. Tena kikiingia kijidudu kimoja kutoka vumbi la chumba, au kutoka kidole cha mfanya kazi, nacho kikiwa chepesi kuzaa, baada ya siku moja kitakuwa kimejaa chombo chote, na kile kilichopandwa kitakuwa kimemezwa. Wanaogema michikichi wanajua nguvu ya wageni hao. Malafu ya asubuhi ni matamu, na jioni ni makali, wala hakuna mtu aliyetia kitu ndani. Vijidudu vya hewani na vya kibuyu chenyewe ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Louis Pasteur, yule Mfaransa mashuhuri, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mchuzi uliochemshwa na kukingwa na vumbi hauharibiki. Lakini kukinga ni jambo moja, kutenganisha ni jingine.

Jibu lilitoka katika kiazi. Koch alitazama kipande cha kiazi ulaya kilichopikwa, ambacho kilikuwa kimeachwa wazi hewani, akaona juu yake madoa ya rangi mbalimbali, kama yale yanayoota juu ya ugali uliolala siku nyingi. Alipochukua kidogo kutoka doa moja na kutia chini ya mikroskopu, aliona vijidudu vya namna moja tu. Doa jingine lilikuwa na namna nyingine. Akafahamu. Juu ya kitu kigumu kijidudu kilichoanguka hakiwezi kuogelea kwenda kwa jirani yake. Hukaa pale pale, huzaa pale pale, na doa lote huwa kama kijiji cha ukoo mmoja. Mkulima wa mpunga anayetaka mbegu safi hachoti ghalani, bali huchagua suke moja shambani. Koch naye sasa aliweza kuchagua suke lake.

Kwa kuwa vijidudu vingi vya magonjwa havipendi kiazi, alichukua mchuzi wa nyama akautia jelatini, yaani ule utando unaotokana na mifupa na ngozi iliyochemshwa, mchuzi ukaganda juu ya kioo. Kisha akachukua uzi wa platini, akautia motoni mpaka ukawa mwekundu, akaungoja upoe, akagusa vijidudu kwa ncha yake, akachora mistari juu ya kitalu. Kila mara kabla ya kugusa na baada ya kugusa, uzi uliingia motoni. Mwaka 1881 alionyesha jambo hilo katika mkutano mkubwa wa madaktari huko London. Pasteur mwenyewe alikuwapo, akamsifu. Baadaye waliteta vibaya, jambo la kusikitisha kwa watu wawili waliofanya mema mengi, lakini siku ile alimsifu.

Jelatini ilikuwa na kasoro. Vijidudu vingi vya wanadamu hupenda joto la mwili, nyuzi 37, na kwa joto hilo jelatini huyeyuka. Aliyeponya kasoro hiyo hakuwa daktari. Alikuwa mwanamke, Fanny Hesse, aliyezaliwa New York, mke wa Walther Hesse, mmoja wa waliofanya kazi kwa Koch. Fanny alimsaidia mumewe kupika michuzi na kuchora picha za vijidudu. Jikoni kwake alikuwa akigandisha vyakula vitamu kwa agari, unga unaotokana na mwani wa baharini, ambao alijifunza kwa jirani aliyewahi kukaa Java. Chakula chake hakikuyeyuka hata wakati wa hari. Akashauri ijaribiwe. Agari huyeyuka karibu na joto la maji yachemkayo, na ikisha kuganda hubaki ngumu katika joto la mwili. Hata leo maabara za dunia nzima hutumia agari, nyingi zikiimimina katika sahani yenye kifuniko aliyoibuni Richard Petri, msaidizi wa Koch, mwaka 1887. Koch alipoitaja agari katika maandishi yake ya mwaka 1882, hakulitaja jina la mama huyo. Ingalikuwa haki kulitaja.

Palibaki neno la vyombo. Chombo kinaweza kung'aa machoni na bado kimejaa vijidudu. Koch na wasaidizi wake, Gaffky na Loeffler, walijaribu moto mkavu na mvuke. Wakaona kwamba zile mbegu ngumu za kimeta hustahimili hewa kavu yenye joto kali kwa muda mrefu, lakini mvuke wa maji yachemkayo huziua upesi, kwa maana mvuke hupenya. Kila mpishi wa wali anajua jambo hilo, maana hufunika chungu, na mvuke ndio unaoivisha punje mpaka ndani. Basi vioo, michuzi na pamba za kuzibia vinywa vya chupa vyote vikapita katika chungu cha mvuke kabla ya kutumika. Pamba nayo ilikuwa ulinzi mzuri, kwa sababu hewa hupita lakini vumbi hunaswa.

Sasa Koch alikuwa tayari kwa adui mkubwa. Kifua kikuu katika siku hizo kiliua sana katika Ulaya. Yeye mwenyewe alihesabu kwamba katika kila watu saba wanaokufa, mmoja hufa kwa ugonjwa huo. Wengi walidhani kwamba ni kasoro ya ukoo, au matunda ya ufukara tu. Koch akatafuta kijidudu, akakiona kwa kukipaka rangi, chembamba na kilichopinda kidogo. Lakini kukiona hakutoshi. Ilimpasa akioteshe peke yake, na hapo ndipo ulinzi wake ulipopimwa. Vijidudu vya kawaida huonekana katika kitalu baada ya siku moja au mbili. Kile cha kifua kikuu ni kivivu mno, na siku kumi zaweza kupita kabla ya kuonekana hata alama. Siku hizo zote kitalu kimekaa katika joto zuri kikiwa na chakula kizuri, na mgeni mmoja akiingia hula vyote kabla mwenyewe hajaamka.

Koch alitumia maji ya damu ya wanyama, yaliyo wazi kama samli iliyoyeyuka. Maji hayo hayawezi kuchemshwa kwa nguvu, kwa kuwa yangeharibika. Basi aliyapasha moto kidogo kila siku kwa saa moja, siku sita, ili kila kijidudu kitakachoamka leo kife kesho, kisha akayagandisha. Juu yake akapanda chembe za mapafu ya wagonjwa. Akangoja. Wengine wangetupa vyombo baada ya juma moja, wakisema hakuna kitu. Katika juma la pili vikaonekana vipande vidogo vikavu kama magamba. Alivihamisha kutoka kitalu hadi kitalu miezi mingi, kisha akawapa simbilisi, nao wote wakaugua kifua kikuu. Usiku wa tarehe 24 Machi 1882 alisoma habari hiyo mbele ya madaktari wa Berlin na kuwaonyesha vioo zaidi ya 200. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi wala aliyeuliza swali. Walikaa kimya, kisha wakainuka mmoja mmoja kwenda kutazama katika mikroskopu.

Njia hiyo haijaachwa. Leo makohozi ya mgonjwa yakipelekwa kuoteshwa, kwanza huchanganywa na dawa kali ya soda. Ganda la kijidudu cha kifua kikuu lina mafuta mengi, kwa hiyo huvumilia soda kwa muda mrefu kuliko vijidudu vya kinywani. Soda ikizidi huua vyote, ikipungua wageni hubaki, basi mfanya kazi hutazama saa yake. Mgonjwa naye anaweza kusaidia, akisukutua kinywa kwa maji safi, akakohoa kutoka kifuani wala asiteme mate tu, na kukifunga vizuri kikopo alichopewa.

Wako pia wakulima wa namna nyingine, wanaokuza chembe hai za mwili wenyewe. Kirusi cha surua hakioti juu ya kiazi wala juu ya agari. Hukaa ndani ya chembe iliyo hai tu, na kwa sababu hiyo chanjo ya surua wanayopewa watoto hutengenezwa kwa chembe za vifaranga ambavyo bado vimo yaini, zikitunzwa katika chupa zenye maji ya chakula na joto la mwili. Chembe hizo hazina ngozi ya kuzikinga wala damu ya kuzipigania. Bakteria mmoja akianguka ndani, baada ya siku moja au mbili maji hugeuka kuwa ya mawingu, rangi hubadilika, na chembe hufa. Ukungu huonekana kama nyuzi za pamba. Lakini mwenye hila kuliko wote ni kijidudu kiitwacho mikoplasma. Hakitii maji mawingu, hakionekani kwa mikroskopu ya kawaida, nacho hukaa kimya kikizidhoofisha chembe na kudanganya matokeo ya kazi, hata mfanya kazi akadhani mambo yote ni mema. Kwa hiyo hupimwa mara kwa mara kwa vipimo vyake maalumu.

Watunzaji wa chembe hizo hunawa mikono na kuvaa glavu, husafisha meza kwa alkoholi, hufanya kazi ndani ya kabati lenye hewa iliyochujwa, na hawafungui chupa mbili kwa wakati mmoja. Chembe zilizotoka mahali pengine hutengwa kwanza mpaka zipimwe. Wenye busara hawaegemei dawa kama penisilini siku zote, kwa kuwa dawa huwafunika wageni wadhaifu bila kuwaua, na mfanya kazi huzoea uzembe. Chupa ikisha kuingiliwa, mara nyingi haiokolewi. Hufungwa, huuawa vyote vilivyomo kwa mvuke wenye nguvu wa nyuzi 121, kabati huoshwa, kisha huanzwa upya kwa chembe za akiba zilizohifadhiwa katika baridi kali. Kutupa kazi ya majuma mengi huuma sana, lakini asiyetupa huichafua na chupa ya jirani yake.

Mwaka 1883 kipindupindu kikaingia Misri. Wafaransa wakatuma madaktari, Wajerumani wakamtuma Koch. Mataifa hayo mawili yalichukiana kwa sababu ya vita vya mwaka 1870. Huko Alexandria daktari kijana wa Kifaransa, Louis Thuillier, mwenye umri wa miaka 27, akashikwa na ugonjwa akafa. Koch na wenziwe wakaenda mazishini wakiwa na mashada ya maua. Kisha akaendelea mpaka Kolkata, India, na mwaka 1884 akakipata kijidudu hicho, kilichopinda kama mkato wa maandishi, ndani ya matumbo ya waliokufa na hata katika bwawa ambalo watu waliogea, walifulia na kunywa maji yake. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu kama 8,600 katika mji wa Hamburg ulionywa maji ya mto yasiyochujwa, na Altona, mji ulioungana nao, uliochuja maji yake kwa mchanga, ukapona sehemu kubwa.

Sasa ni lazima kusimulia pia aliyoyakosea, kwa sababu maisha ya mtu si sifa tupu. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Alikiita tuberkulini, na mwanzoni hakusema kimetengenezwa kwa nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu, wengine wakibebwa. Watu wakajaza nyumba za wageni, wakauza mali zao. Wengi hawakupona, na wengine ugonjwa uliwaka zaidi ndani yao wakafa. Daktari Virchow alipoifungua miili yao aliona hivyo wazi. Mwanzoni mwa mwaka 1891 Koch akatoa siri yake. Tuberkulini ilikuwa maji yaliyotokana na vitalu vyake vya kifua kikuu. Mtu huyu aliyengoja majuma mazima mbele ya chupa isiyoonyesha kitu, safari hii hakungoja. Tuberkulini haikuwa dawa, ila baadaye ilifaa kwa jambo jingine. Hutiwa kidogo katika ngozi ya mkono, na uvimbe wake huonyesha kama mtu amewahi kuingiwa na ugonjwa. Ndoa yake na Emmy nayo ilivunjika mwaka 1893, akamwoa msichana mdogo kwake sana, Hedwig Freiberg.

Ndipo tamaa ya utoto ikarudi, akasafiri. Alikwenda Afrika ya Kusini mwaka 1896 kwa ajili ya sotoka ya ng'ombe. Akafika Afrika ya Mashariki mwaka 1897, akachunguza malaria, na pia tauni iliyokuwa Kisiba, magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 61, akawashika papasi.

Swali lilikuwa hili. Papasi anabeba kijidudu cha homa kama kisu kinavyobeba damu, au kijidudu hukaa na kuzaa ndani yake? Koch aliwapasua papasi, akawaona vijidudu, vyembamba na vilivyosokotwa kama kamba, hata ndani ya mayai yao. Katika Kongo Dutton na Todd walikuwa wamelijaribu jambo hilo kwa njia iliyo safi kabisa. Waliwaacha papasi watage ndani ya vyombo, wakawangoja vifaranga waanguliwe, vifaranga ambavyo havijawahi kumwuma mtu wala mnyama, wakawaweka juu ya nyani. Nyani wakaugua. Hapakuwa na mlango mwingine ambao ugonjwa ungaliingilia isipokuwa kwa mama yao. Kwa hiyo kibanda kilichoachwa muda mrefu hakiwi salama kwa kuwa hakikulaza mgonjwa. Koch aliona pia kwamba wenyeji walioumwa tangu utoto hawakuugua sana, na wageni waliolala katika vibanda hivyo ndio walioanguka. Kazi ya Dutton na Todd ilipigwa chapa mwaka 1905, Dutton akiwa amekwisha kufa, na mwaka 1906 kijidudu hicho kikapewa jina la Dutton, nalo linacho hata leo.

Desemba 1905 Koch alipokea tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu. Angaliweza kupumzika. Lakini malale yalikuwa yakiwamaliza watu kandokando ya Ziwa Viktoria, na mwaka 1906 akaenda visiwa vya Sese, Uganda, akapiga kambi Bugala, akakaa huko mpaka mwaka 1907. Mamia ya wagonjwa wakaletwa kwake, wengine kwa mitumbwi kutoka mbali. Aliwachoma dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Vijidudu vikatoweka katika damu, wagonjwa wakainuka wakatembea, watu wakafurahi. Baada ya muda vijidudu vikarudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa. Ndipo wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka macho, wasione tena maisha yao yote. Akakipunguza kipimo, lakini macho hayakurudi. Watu hao walikwenda kwake wakiwa na tumaini, na majina yao hayasomwi pamoja na jina lake.

Koch alirudi Ujerumani akiwa amechoka. Moyo wake ulikuwa dhaifu. Aprili 1910 alisoma tena habari za kifua kikuu mbele ya wataalamu wa Berlin, na majuma machache baadaye akaenda Baden-Baden kutafuta nafuu. Jioni ya tarehe 27 Mei 1910 alionekana amekufa katika kiti chake. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakawekwa ndani ya ukuta wa chuo chake huko Berlin, ambako kazi ya vijidudu inaendelea.